Kiti cha Kushoto cha Delage

Mume wangu aliishi ndani ya gari la Kifaransa lililomzidi umri mama yake mzazi, na kumtoa humo kulinimalizia majira ya baridi mazima. Nikisimulia hivyo kanisani watu hucheka. Wacheke tu, siku za mwanzo hata mimi nilicheka.

Gari lenyewe si letu. Sisi tuna Corolla, na Corolla haina la kusimuliwa. Lile ni Delage, jeusi, refu la pua, lililotengenezwa Ufaransa kabla ya vita ya Hitler. Mwenyewe ni Papa Lindsay, mzee wa Kizungu anayetupangisha kijumba cha uani, nyuma ya nyumba yake, hapa Toongabbie, magharibi ya Sydney. Baba yake aliliendesha mpaka siku moja likakataa kuwaka, akalisukumia gereji akisema atalitengeneza wiki ijayo. Wiki hiyo haijafika. Papa Lindsay amezeeka akilitazama.

Siku tuliyohamia alituita sote watatu, mimi, Wilondja na binti yetu Ketsia, akatuonyesha. Rangi ilikuwa imepasukapasuka, ngozi ya viti imechanika kama kisigino cha mkulima, na juu ya vumbi lake ungeweza kupanda maharage yakaota. Nikamwambia kwa Kiingereza changu: Papa, nipe Jumamosi moja na ndoo mbili, uone litakavyong'aa. Mzee akanidaka mkono upesi, nikadhani nimekanyaga nyoka. Akaeleza kwamba duniani kuna watu wanaokusanya magari ya zamani, na wanachotafuta ni gari ambalo hakuna fundi aliyelichezea: rangi ileile, ngozi ileile, hata vumbi lilelile. Yaliyopakwa rangi upya yako mengi. Lililobaki lilivyo, akasema, ni hili. Alikuwa na mnunuzi wake Melbourne, na alimpa neno lake kwamba kitambaa hakijaligusa.

"Honor," akasema, maana Honorine ilimshinda, "ninaomba kitu kimoja tu. Msilioshe."

Nikajibu sawa. Moyoni nikasema, Wazungu bwana. Kwetu Baraka, huko Kongo, gari la hivyo kuku wangekuwa wameshalitagia.

Mwaka uliofuata, 2021, Sydney ikafungwa kwa ajili ya korona, na sisi wa magharibi tukafungwa kuliko wenzetu. Wa ufukweni tuliwaona kwenye televisheni wakitembeza mbwa. Kwetu helikopta ilizunguka juu ya mapaa, polisi wakiuliza vibali, na ilikuwa marufuku kupita kilomita tano kutoka nyumbani. Hizo kilomita tano zilinichekesha kwa hasira. Kambini Nyarugusu, huko Tanzania, tulikoishi miaka kumi na saba, mkimbizi alikuwa haruhusiwi kupita kilomita nne. Nikamwambia Wilondja, tumevuka bahari yote ile, Papa Ketsia, tukaongezewa kilomita moja.

"Hata moja ni kitu," akajibu. Ndivyo alivyo. Ukimpa nusu ya embe atashukuru kokwa.

Wilondja alikuwa na kibali cha kwenda kazini, kwa sababu ghala lao halikufungwa. Watu waliofungiwa majumbani walinunua kila kitu kwa simu, na vitu vinataka mgongo wa kuvibeba. Kila asubuhi alipitia Auburn kumchukua Masumbuko, rafiki yake, ambaye hakuwa na gari. Hao wawili walikimbia vita ya kwetu Fizi pamoja wakiwa vijana, wakapewa hema moja Nyarugusu, wakala sufuria moja mpaka kila mmoja alipooa. Hata hapa Sydney, mtu akimuuliza Wilondja ana ndugu wangapi, alimhesabu Masumbuko wa kwanza.

Masumbuko alikuwa hawezi baridi. Kambini, ambako kuni zilikuwa vita, alikuwa radhi alale njaa kuliko kuoga maji baridi, na sisi wanawake tulimwita Bwana Harusi. Kwenye Corolla alikuwa akiketi tu, kabla hata ya salamu, mkono wake unakwenda kuwasha hewa ya moto. Wilondja alilalamika kila siku kwamba anapikwa, na hakuizima hata siku moja.

Katikati ya Julai ikatangazwa kwamba watu wa nyumba mbili wasipande gari moja. Tangazo hilo nilimsomea Wilondja mwenyewe, kwa sauti, akiwa anafunga viatu. Alinitazama bila kuelewa.

"Masumbuko na miye tuko nyumba mbili tangu lini?" akauliza, akachukua ufunguo.

Hakuwa anabishana na serikali. Kwa akili yake sheria ile haikumhusu, maana inakataza nyumba mbili, na wao ni nyumba moja. Na mimi niliyekuwa nimeshika simu yenye tangazo niliona ana haki.

Haukupita muda wote wawili wakapatikana na ugonjwa, siku ileile, kwa ujumbe wa simu uliofanana. Nani alimpa mwenzake? Daktari aliyetupigia alisema hakuna awezaye kujua, huenda waliupata wote ghalani. Wilondja peke yake ndiye aliyejua. Yeye ndiye aliyekuwa dereva, kwa hiyo ni yeye.

Kijumba chetu kina chumba kimoja, na sebule anayolala Ketsia, na Ketsia ana pumu. Papa Lindsay aliposikia alikuja mpaka kwenye ua, akasimama mbali, akasema gereji ina choo chake na mlango wake wa pembeni. Mgonjwa akae humo mpaka apone, ila gari asiliguse. Wilondja akabeba godoro, blanketi na Biblia, akaingia. Nilifunga mlango kwa nje na kumwekea chakula dirishani.

Lakini sakafu ya saruji mwezi wa baridi si rafiki wa mgonjwa. Asubuhi moja nilipeleka uji, nikachungulia, godoro halina mtu. Wilondja alikuwa ndani ya Delage, nyuma ya usukani, amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Usukani wa gari lile uko kulia, kama wa huku. Papa Lindsay alituambia magari ya kifahari ya wakati ule yalikuwa hivyo.

"Sijaliosha," alijitetea nilipogonga kioo. "Nimeingia tu. Mama Ketsia, linaongea Kifaransa."

Akanionyesha saa za mbele ya dereva, ambazo mishale yake imelala. Huile, essence, eau: oili, petroli, maji. Alivisoma kimoja kimoja, mtu aliyeachia shule Baraka risasi zilipoanza. Hapo ndipo nilipocheka. Nikamwambia ale uji, asije akaniagiza mvinyo.

Polisi na wanajeshi walikuja mara mbili tatu kuhakikisha hajatoka. Walikuwa vijana wenye adabu, wakauliza kama tuna chakula cha kutosha. Lakini mtu aliyekimbia Fizi akiona sare ya jeshi mlangoni, adabu yake haioni. Nilimwita Wilondja aje aonekane. Alishuka garini, akasimama nyuma ya kioo cha dirisha, mikono juu, viganja wazi, bila kuambiwa na mtu. Askari mmoja akampungia, akidhani anasalimiwa. Nilirudi jikoni nikalia kwa hasira mbele ya Ketsia, wala sikujificha.

Wilondja akapata nafuu. Masumbuko hakupata. Alilazwa, akawekewa mashine, na mkewe Lydie akawa anamwona kwenye simu iliyoshikwa na muuguzi. Wiki ya pili ya Agosti Lydie alinipigia, na kwa namna alivyovuta pumzi kabla ya kusema nilijua, nikaketi chini palepale kwenye majani ya uani. Kisha nikainuka nikaenda kumwambia mume wangu kupitia kioo. Hakulia. Aliuliza kama hospitali kulikuwa na baridi.

Kwetu mtu akifa kuna kazi, na kazi hiyo ndiyo inayomshika aliyebaki asianguke. Mwanamume huoshwa na wanaume wenzake, wale waliokuwa karibu naye. Maji ya moto, sabuni ambayo haijatumika, kitambaa kipya cheupe. Humwosha wakimsemesha: ndugu, ni mimi fulani, lete mkono, geuka kidogo. Maji yake hayamwagwi wanapopita watu. Humwagwa kwenye shina la mti. Ndipo watu wanakaa matanga, mpaka siku ya kuyaondoa. Masumbuko hakupata hata moja katika hayo. Alitoka hospitali amefungwa ndani ya mfuko, jeneza limezibwa, na makaburini waliruhusiwa watu kumi. Wilondja alikuwa bado ndani ya karantini. Alimzika rafiki yake akiwa kwenye Delage, simu ameiegemeza kwenye usukani.

Siku alipotumiwa ujumbe kwamba muda wake umekwisha, nilisonga bugali, nikapika sombe ya mwisho, majani ya muhogo yaliyokuwa kwenye friza, nikatandika meza. Nikaenda kufungua gereji.

"Papa Ketsia, umeachiwa. Njoo ule."

"Lete hapa," akajibu kutoka garini.

Nilidhani ni uchovu. Kesho yake pia, lete hapa. Na kesho kutwa. Ghalani walipiga simu, akaiacha iite. Mlango sasa ulikuwa wazi mchana kutwa, jua linaingia mpaka kwenye gurudumu, na yeye amekaa mle amefunga vioo. Nilimbembeleza, nikamtania, nikamtukana kidogo. Nilimwambia watu watasema nimeolewa na taniboi wa kulala garini. Nikamwambia hata Yona alitapikwa siku ya tatu.

"Yona alikuwa na pa kwenda," akajibu.

Nilikuwa nikisikia anazungumza, nikadhani yuko kwenye simu na kina Balthazar wa kwaya. Siku moja nikiwa nakaribia na sahani nikamsikia, na simu yake ilikuwa mkononi mwa Ketsia ndani ya nyumba, inachajiwa. Nikachungulia. Alikuwa amegeukia kushoto, anaeleza habari za mtu aliyependwa na bosi, na anangoja kujibiwa. Kile kiti cha kushoto, kiti cha abiria, hakuwa amekiwekea hata shati. Vitu vyake vyote alivirundika nyuma. Kile alikiacha wazi.

Niliogopa. Sikuogopa kwamba ana wazimu. Wazimu tumeuona kambini na tunajua unavyoanza. Niliogopa kwa sababu mle ndani alikuwa na mwenzake, na huku nje alikuwa na mimi tu. Nilimtamani mume wangu, nitasema hivyo bila haya. Nilitamani kumsikia akikoroma upande wake wa kitanda. Kila Jumapili nilikuwa naiwasha Corolla betri isife, nikijiambia ni kwa ajili ya siku atakayotoka, na kila Jumapili niliizima nikiwa na imani pungufu.

"Sema unachoogopa," nilimwambia siku moja, nimeinama kwenye kioo.

"Nikitoka nitakutana na Lydie."

"Lydie hajakulaumu."

"Hajaniuliza bado."

Lydie alikuwa akinipigia mimi kila siku, naye alikuwa na swali moja tu. Halikuhusu nani aliyemwambukiza nani. Aliuliza, "Mama Ketsia, nani alimwosha mume wangu?" Nilijibu kwamba hospitali wana taratibu zao. Akauliza tena. Nikampa maneno ya kanisani, nikamwambia Mungu mwenyewe amemwosha.

"Mungu hana mikono," akasema. "Miye nauliza mikono."

Siku hiyo nilikuwa gereji, nimeshika sufuria namwongezea chakula, na simu nilikuwa nimeiweka sauti ya nje juu ya meza ya vyuma. Wilondja alisikia kila neno. Aliacha tonge kwenye sahani, akapandisha kioo cha gari, na mimi nikajilaumu kwa uzembe wangu wa kuifungulia sauti.

Kesho yake mchana aligonga dirisha la gereji yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aingie.

"Mama Ketsia, niletee maji."

"Ya kunywa?"

"Mu beseni. Ya moto. Na sabuni mupya. Na kitambaa cheupe, mutu asikuwe amekitumia."

Nikasimama palepale, na mambo mawili yakanijia kwa pamoja: anataka kumwosha nani, na anataka kumwoshea wapi. Papa Lindsay aliniomba kitu kimoja. Ni yeye aliyetupa paa wakati wengine walisoma majina yetu wakakumbuka ghafla kwamba nyumba imeshapata mtu. Nilijua mzee anangoja mipaka ifunguke amkabidhi mnunuzi gari lenye vumbi la baba yake. Nilijua tunaweza kufukuzwa katikati ya lockdown, tukaanza tena kubeba masanduku. Na nilijua kwamba mume wangu ameniomba kitu kisicho chakula kwa mara ya kwanza tangu rafiki yake afe. Sikufikiri sana. Nilikwenda kubandika birika.

Nilichemsha mpaka beseni likajaa. Kabatini nilikuwa na shuka jeupe la wageni, bado lina mikunjo ya dukani. Nikalipasua. Sabuni nikaitoa kwenye karatasi yake mbele ya macho yake, aone ni mpya.

Mwanamke hatazami mwanamume wa watu akioshwa. Nikageuka, nikaegemea mlango wa gereji, mgongo nimeupa gari, ingawa kwenye kiti hapakuwa na mtu. Nilisikia mlango wa kushoto ukilia kwa kufunguliwa, kisha kitambaa kikikamuliwa.

"Masumbuko, ni miye," akasema. "Ni Wilondja. Usiogope, ni ya moto. Lete mukono. Na hii ingine. Sasa bega. Geuka kidogo, ndugu yangu, nipate mugongo." Maji yakawa yanadondoka sakafuni. "Walisema nyumba mbili. Miye nilijua tuko nyumba moja. Kama ni miye nilikupa, unisamehe. Kama ni weye ulinipa, nimekusamehe. Lete miguu."

Alilia kwa sauti, kama wanaume wanavyolia kwetu kwenye maziko, na mimi nikalia naye nikiwa nimegeuka hivyohivyo. Alipomaliza alinipa beseni. Maji yalikuwa meusi kama kahawa. Nikayapeleka kwenye shina la mlimau wa Papa Lindsay, nikayamwaga polepole. Nilipogeuka, Wilondja alikuwa amesimama nje, miguu mitupu kwenye majani, amefunika macho kwa mkono kwa sababu ya jua.

Usiku huo alikula mezani, akalala upande wake wa kitanda. Lakini Corolla hakuigusa, kazini hakwenda, na getini hakufika. Aliniambia, "Mwambie Lydie nimemwosha." Nikampigia, nikamwambia yote, gari, kiti, kitambaa. Lydie alisikiliza mpaka mwisho, kisha simu ikakatika. Tangu siku hiyo hakupiga tena. Wilondja alikuwa ametoka garini akaishia uani.

Papa Lindsay aligundua alipokwenda kupiga picha za kumtumia mnunuzi. Niliitwa, si kwa sauti kubwa. Kiti cha kushoto, mlango wake na sakafu chini yake havikuwa tena na vumbi. Rangi ya ngozi ilikuwa imeondoka na maji, mshono mmoja umefumuka, na katikati ya gari maji yalikauka yakaacha mstari: upande huu wa baba yake, upande huu wa kwetu. Mzee alifuata mstari ule kwa kidole.

"Miaka yote hii," akasema. "Hakuna kitambaa."

Nikafungua kinywa nieleze. Akainua mkono kunizuia.

"Niliomba kitu kimoja, Honor."

Ilikuwa kweli. Alitia kufuli kwenye gereji. Hakutufukuza, wala hakusema nasi. Alitoa mapipa yake ya taka tukiwa ndani, na tukikutana uani alitazama mlimau. Nimewahi kukasirikiwa na watu wengi maishani na nikawajibu. Kukasirikiwa na mtu mwenye haki, tena nyuma ya nyumba yake, huku huruhusiwi kwenda mbali, ni jela ya aina yake.

Oktoba wakatufungulia. Sote tulikuwa tumechanjwa, na waliochanjwa waliruhusiwa kutembeleana. Jumamosi moja ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: Nakuja kesho. Lydie. Hakuandika zaidi. Wilondja aliusoma, akarudisha simu, akaenda kunyoa ndevu.

Lydie alikuja kwa treni, akatembea kutoka stesheni amevaa kitenge cheusi. Alikuwa amekonda mpaka nikashtuka. Hakunikumbatia, hakuketi, na soda aliyoletewa na Ketsia hakuipokea. Alisimama mbele ya Wilondja, naye Wilondja akatazama vidole vyake vya miguu.

"Nionyeshe," akasema Lydie.

Gereji ilikuwa na kufuli. Wilondja akatembea mwenyewe mpaka mlango wa mbele wa Papa Lindsay, akagonga. Nilimfuata, nikasimama nyuma yake kama ngao ya upande usiofaa. Kiingereza cha mume wangu ni cha ghalani, boksi na pole na haraka. Mzee alipofungua, Wilondja alivua kofia.

"Rafiki yangu alikufa," akasema kwa Kiingereza hicho. "Hakuna mtu amemwosha. Mimi nilimwosha, kwa gari yako. Gari, samahani. Kumwosha, hapana samahani. Mke wake ndiye yule. Anaomba kuona."

Papa Lindsay alimtazama Lydie, aliyesimama karibu na mlimau na mkoba wake mikononi. Aliingia ndani, na nilidhani ndiyo imekwisha. Akarudi amevaa koti na kofia. Alimpita Wilondja, akanipita mimi, akaenda kumpa Lydie ufunguo mkononi, kisha akasogea pembeni akavua kofia yake naye.

Mnunuzi wa Melbourne alikuja Desemba. Aliuona ule mstari, akauliza ni nani mjinga aliyeosha upande mmoja. Papa Lindsay akamjibu kwamba upande ule nao sasa ni sehemu ya gari, achukue lote au aache lote. Akaacha. Delage bado liko hapa, na mzee hajasema tena habari ya kuliuza. Lakini hayo ni ya baadaye.

Jumapili ile Lydie alifungua mlango wa kushoto, akaketi kwenye kile kiti, miguu pamoja, mkoba mapajani. Wilondja alizunguka akakaa nyuma ya usukani, mahali pake. Sisi wengine tulibaki mlangoni.

"Ulianzia wapi?"

"Mukono wa kuume, shemeji. Halafu wa kushoto. Mabega. Mugongo. Miguu ilikuwa ya mwisho."

"Ulimsemesha?"

"Nilimsemesha yote."

Lydie alipitisha kiganja juu ya ngozi iliyopauka, taratibu, mpaka kwenye mshono uliofumuka. Wilondja alishika usukani kwa mikono miwili. Nilijua analingoja lile swali lingine, la nani alimpa nani, na kama lingekuja angebaki mle ndani asitoke tena.

"Maji yalikuwa namna gani?" Lydie akauliza.

"Ya moto, shemeji. Iliniunguza mikono."

"Basi," akasema. "Yeye hakuweza baridi."

Akalia, na Wilondja akalia, na hakuna aliyekwenda kuwanyamazisha. Ilipokwisha, Lydie alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akashuka, akafunga mlango wa Delage kwa uangalifu, akamrudishia Papa Lindsay ufunguo wake. Kisha akatembea moja kwa moja mpaka kwenye Corolla yetu, akafungua mlango wa mbele wa kushoto, ambao hakuna aliyeufungua tangu Julai, akaketi, akafunga mkanda.

"Wilondja," akamwita. "Nipeleke kwake."

Mume wangu alinitazama. Nikampa ufunguo, uliokuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi. Ketsia nami tukaingia nyuma. Ilikuwa siku ya joto, majira ya baridi yamesahauliwa, Papa Lindsay amekunja koti lake mkononi akitushikia geti. Wilondja akawasha gari. Kabla hajaliondoa, Lydie alinyoosha mkono, akatafuta kidogo, akaifungua hewa ya moto mpaka mwisho.

Tulikwenda hivyo hadi makaburini, vioo vimefungwa, jasho likitutoka wote wanne, na hakuna aliyesema izimwe.